Mikono ya Persis

Wifi yangu Persis alikuwa na mikono mikubwa. Naanza na hiyo mikono kwa sababu watu wa Ogembo, alikoolewa, waliitukana mpaka siku walipomzika, mwaka wa 1977. Walisema haishiki uhai. Uongo mtupu! Mikono ile ilichuma chai kuliko mwanamume yeyote wa huku kwetu Marani. Iliingia tumboni mwa ng'ombe ikamtoa ndama aliyekwama, na ndama akasimama akanyonya, mimi nikiwa hapo hapo nimeshika kamba. Kama kuna mikono ya kutukanwa katika habari hii ni hii yangu mnayoiona. Leo nitasema. Nimechoka kuheshimiwa.

Mimi ni Nyanchama, mke wa Angwenyi. Angwenyi na Persis ni watoto wa Mzee Machogu, aliyekuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu mrefu asiyecheka, na mama mkwe wangu ni Bosibori. Kwetu Wagusii, kaka huoa kwa ng'ombe walioletwa kumwoa dada yake. Persis alipoolewa na Omwenga wa Ogembo, ng'ombe wa Omwenga hawakumaliza hata mwezi katika boma la Machogu. Waliswagwa moja kwa moja hadi kwa baba yangu, nami nikaja kuwa mke. Kwa hiyo Persis akitulia kwake, mimi natulia kwangu. Akivunja ndoa, ng'ombe wa watu lazima warudi, na kama bomani hakuna wengine wa kutosha watadaiwa kwa baba yangu, na mimi nifungashwe nirudi nilikotoka. Kila mtu pale nyumbani alilijua jambo hilo, na hakuna aliyelitaja.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1969 Persis akarudi, na kijifurushi chake, jicho moja limevimba. Alikuwa amezika watoto wawili, wa kwanza wa miezi minne, wa pili wa siku tisa. Walipotoka kumzika huyo wa pili, Omwenga alimpiga mbele ya mama yake, akamwambia kila anachokishika kinakufa. Maneno hayo Persis alitueleza mara moja tu, akiwa anamenya ndizi, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Mama mkwe hakulia naye. Alimpa ngozi ya kulalia jikoni, akamwambia, "Pumzika, halafu urudi. Mwanamke hupigwa, hurudi." Mzee Machogu alisema ataamua baada ya mavuno ya wimbi. Mimi nilisema nini? Nilisema pole, wifi. Moyoni nilikuwa tayari nahesabu siku.

Sasa mwaka ule panya walituzidi. Walipanda hadi ghalani, wakala wimbi, wakazaana humo humo. Jioni moja tukiwa jikoni, Persis akatoka akaenda mlangoni kwa baba yake. Mimi sikuthubutu kusogea. Mke wa mwana haendi kusimama mbele ya baba mkwe hovyo hovyo. Lakini masikio hayana adabu.

"Tata," akasema, "nataka paka."

"Paka wa nini?"

"Wa panya. Na wangu. Sijawahi kuwa na mnyama wangu tangu nizaliwe."

Mzee akasema paka ni wa watu wa mjini, hapa kwake kuna mbwa, na mbwa mmoja anatosha. Mama mkwe alikuwa amemfuata huko nyuma, na yeye ndiye aliyetoa sumu. "Mwanamke asiye na mtoto abebe paka? Unataka Marani yote iseme binti yangu amezaa kitu chenye mkia?"

Persis alirudi jikoni akakaa. Lakini ng'ang'anizi alikuwa, yule! Kila baada ya siku chache alirudi mlangoni na neno lile lile. Tata, paka. Mama, paka. Mama mkwe alimtupia mwiko siku moja ukampata begani. Kesho yake, Tata, paka. Ilikwenda hivyo miezi miwili, na nadhani angezeeka akiomba kama panya wenyewe hawangemsaidia. Walitafuna kiatu cha Mzee, kile cha kuendea kanisani, wakala upande mmoja wote wa ngozi. Mzee alikwenda Sabato hiyo na kiatu kilichotoboka, amesimama mbele ya kanisa, na kidole gumba kinachungulia. Wee! Tuliinama kama tunaomba. Aliporudi alivua kile kiatu, akakitupa uani, akasema, "Lete huyo paka. Lakini kikinikera kitu kimoja tu, anatoka."

Jumatatu tukaenda mjini Kisii, Persis na mimi, na ndizi za kuuza. Pale mjini kulikuwa na mama mmoja Mwislamu anaitwa Hawo, mke wa Salat mwenye duka la vitambaa, aliyezoea kununua ndizi zetu. Nyumbani kwake paka walikuwa wengi kuliko viti. Persis hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mdomo wake.

Hawo alileta mmoja wa rangi ya majivu, mdogo, anatosha kiganjani mwa Persis na nafasi inabaki. Alikataa pesa, akachukua mkungu mmoja wa ndizi mbivu. Halafu akaniambia, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mwambie dada yako, paka haogeshwi. Anajiosha mwenyewe kwa ulimi. Chochote mtakachompaka mwilini kitaishia tumboni mwake. Umesikia, mwanangu? Mwambie."

Nilisikia. Mawingu yalikuwa yameshika upande wa Mosocho na njia ya kwetu ilikuwa ndefu. Persis akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema umpe maziwa." Siku ile sikuwa na nia mbaya. Ulikuwa uvivu tu, nawaapia. Nia mbaya ilikuja baadaye.

Hakumpa jina. Nilipomuuliza aliniambia, "Wale wawili niliwapa majina." Basi alimwita Wewe. Wewe, njoo. Wewe, shuka hapo. Alimfunga kifuani kwa leso akienda kuchuma chai, na wanawake wakatoka kwenye mistari yao ya chai kuja kucheka. "Hongera Persis! Umejifungua lini? Anafanana na baba yake?" Naye alicheka nao, mjinga yule, akafungua leso wamwone. Mama mkwe akisikia vicheko hivyo alirudi nyumbani na hasira, na teke la hasira lilimpata paka. Nilimwona kwa macho yangu akimpiga teke hadi kwenye mafiga, moto ukiwaka. Persis alimwokota, akampuliza manyoya yaliyoungua, akamwambia mama yake, "Nipige mimi, Mama. Mimi nimeshazoea."

Kitoto kile kikakua. Mwezi wa sita kikaua panya wa kwanza ghalani, panya mkubwa karibu kimshinde, kikamburura uani kote hadi kwenye kigoda cha Mzee Machogu, kikamlaza kando ya kiatu kipya. Mzee akamtazama panya, akamtazama paka, akacheka. Angwenyi mume wangu aliacha jembe akaja kuona ni nani anacheka. Tangu hapo paka alikaa chini ya kigoda hicho jioni, na Mzee alimdondoshea kipande cha ugali wa wimbi kwa siri, akidhani hatuoni.

Na Persis akanenepa. Alianza kuimba akisaga. Alinisukia kikapu. Wakati huo mimba yangu ilikuwa changa, na yeye ndiye aliyenibebea maji kutoka mtoni, mtungi wake na wangu, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ananipenda. Hilo nalo niliseme.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe nikianua nguo. Nikamsikia Mzee ndani akimwambia mkewe, "Huyu binti akae tu. Ametulia. Baada ya mavuno nitakwenda Ogembo nizungumze nao."

"Na ng'ombe wao?" mama mkwe akauliza.

"Angwenyi atajua la kufanya."

Ebo! Angwenyi atajua la kufanya! Angwenyi hakuwa na hata mbuzi, na ng'ombe wachache waliobaki bomani kwa Mzee wasingetosha. La kufanya lilikuwa moja tu, kwenda kwa baba yangu, na mimi hapo nimebeba mimba, nirudishwe kama kibuyu kilichovuja. Nilisimama na nguo mabegani. Nikamwona Persis kule ghalani ameketi kwenye ngazi, paka mapajani, anamkuna kidevu. Nilimchukia. Simung'unyi neno, nilimchukia mpaka mdomo ukawa mchungu.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba ikatangazwa kwamba wazee wa kanisa wangekula kwetu chakula cha mchana siku ya Sabato. Heshima kubwa. Alhamisi Mzee Machogu akachukua koti lake la kanisani alipige vumbi, akakuta kiroboto kwenye kola, kinaruka. Akamwita Persis uani, sote tukisikia.

"Wageni wangu wakijikuna hata mara moja Sabato hii, huyo paka atatoka. Na mwenye paka amfuate, hata iwe hiyo hiyo Sabato."

Labda alikuwa anatania. Kwa Mzee huwezi kujua, alikuwa na uso mmoja kwa yote. Persis hakuona utani. Mchana wa Ijumaa, siku ambayo Wasabato tunaoga, tunafua na kupika kila kitu kabla jua halijazama, alikuja mbio nyumbani kwangu na paka kifuani.

"Nyanchama, nitafanyaje? Nimevichambua kwa mkono tangu asubuhi. Viko vingi. Nimuoshe na nini?"

Sasa sikilizeni. Kila Alhamisi Angwenyi aliwapeleka ng'ombe wachache wa baba yake kwenye josho, wapite kwenye dawa ya kupe. Ndama wadogo hawakuweza kuogelea mle, kwa hiyo alirudi na chupa ya dawa hiyo, tuwapake nyumbani kwa kitambaa. Kila boma lilifanya hivyo. Mbwa wetu naye alipakwa kila mwezi, na kupe na viroboto vikamwachia, naye alikuwa mzima kama mimi. Chupa ya jana ilikuwa nyuma ya mlango wangu, imezibwa kwa gunzi.

Nilimkumbuka Hawo. Msiniulize kama nilisahau, sikusahau. Nilimsikia pale pale, kwa sauti yake na maneno yake yote. Chochote mtakachompaka kitaishia tumboni mwake. Nikaangalia tumbo langu. Nikasema, "Kwani dawa ya josho haipo? Mbwa si huoshwa nayo?"

Uso wake ukafunguka. "Wifi, wewe una akili!" Akanishika mkono akaubusu. Nikampa chupa. Nikampa na kitambaa.

Alimwosha uani kwangu, juu ya jiwe la kufulia, kwa ule utaratibu wake, nyuma ya masikio, chini ya kwapa, katikati ya vidole. Paka alipiga chafya na kulia. Persis alimwambia, "Vumilia, Wewe, vumilia, tunabaki nyumbani." Viroboto vilianguka kwenye jiwe vikafa, akavionyesha kwa kidole kwa furaha. Halafu akamweka juani akauke, akarudi jikoni kusonga ugali wa kesho.

Mimi nilibaki. Nilikuwa napepeta wimbi. Paka akajitikisa, akaketi, akainua mguu wa mbele, akaanza kujilamba. Alianza na mguu, akaenda begani, akashuka tumboni, hakuacha mahali. Ningeweza kumshika. Ningeweza kummwagia maji, mtungi ulikuwa hapo hapo, na maji yenyewe aliyachota Persis. Nilipepeta wimbi mpaka likaisha.

Sabato asubuhi paka alikuwa anatetemeka. Mate yalimtoka, povu, miguu ya nyuma ikawa haimfuati. Persis alitoka jikoni amembeba, nguo ya kanisani ameivaa nusu, akaenda kwa baba yake.

"Tata, nipe ruhusa nikimbie kwa bwana mifugo pale Marani."

"Leo ni Sabato."

"Mwezi uliopita ng'ombe alivimba tumbo siku ya Sabato, ulimwita."

"Huyo alikuwa ng'ombe," Mzee akasema. "Weka hicho kitu chini, uvae. Wageni wanakuja."

Hakwenda kanisani. Sisi tulikwenda, tukaimba. Tuliporudi na wale wazee, Persis alikuwa nyuma ya jikoni, ameegemea ukuta, paka mapajani. Mimi ndiye nilipeleka chakula kwa wageni, kwa hiyo nilipita pale mara nyingi, na kila nikipita nilimwona paka akijinyoosha ghafla kisha analegea. Wageni walisifu kuku. Hakuna aliyejikuna. Nilipopita na maji ya kunawa, alikuwa amekwisha kufa, na Persis anaendelea kumpapasa mgongo.

Mama mkwe akatoka kuja kuangalia kwa nini chai inachelewa. Alimwona, akasimama. Nilidhani hata yeye atakuwa na huruma siku hiyo. Akasema polepole, "Sasa umejionea mwenyewe. Watu wa Ogembo hawakukusingizia."

Persis alinyanyua mikono yake akaitazama, upande wa nje, upande wa ndani. Mama yake alipoondoka, aliniuliza, "Nyanchama, ni ile dawa?"

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu, ndiyo. Nikamwambia, "Mbona mbwa huoshwa nayo kila mwezi na hana neno?"

Akawaza. "Kweli," akasema. "Basi ni mimi."

Nikaingia jikoni kuchukua chai ya wageni.

Siku ya Sabato hatuchimbi hata shimo la ndizi, kwa hiyo Mzee aliamuru paka atupwe mbali migombani, mbwa asimlete uani mbele ya wageni. Persis hakumtupa. Alimfunga kwa ile leso ya kifuani, akakaa naye mpaka jua lilipozama, ndipo akachimba kwa mikono, jembe lipo. Jumapili asubuhi alichukua kijifurushi chake. Hakuna aliyemfukuza. Mzee alisimama mlangoni, nadhani alitaka kusema kitu, na uso wake mmoja ule ule. Persis alimwambia, "Narudi Ogembo, Tata. Huko wameshanijua." Akaniaga kwa kunikumbatia. Mikono ilikuwa imefutwa vizuri, lakini kucha zilikuwa na udongo.

Ng'ombe wakabaki kwa baba yangu. Nikabaki kwa mume wangu. Kila mtu akasema mke wa Angwenyi ana bahati.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1970 nikajifungua mtoto wa kiume. Persis alitembea kutoka Ogembo, safari ya siku nzima, unga wa wimbi kichwani, jino moja la mbele halipo. Nilikuwa nimekaa kitandani nikinyonyesha, mama mkwe kando yangu. Persis aliweka unga chini, akafurahi, macho yakajaa machozi. Lakini alisimama pale pale mlangoni, mikono ameificha chini ya leso.

Mama mkwe akasema, "Mtoto wa kaka yako huyu. Humshiki?"

"Nitamwona nikiwa hapa hapa," Persis akasema. "Mikono yangu mnaijua."

Akanitazama mimi. Si mama yake, mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa rafiki yake. Alikuwa anangoja niseme, acha ujinga, wifi, njoo umshike mtoto. Maneno yale yote yalikuwa mdomoni, ya Hawo, ya chupa, ya jiwe la kufulia. Na mtoto alikuwa ziwani, na mama mkwe anasikiliza.

Nikamfunika mtoto uso. Nikamwambia, "Asante, wifi. Hapo ulipo panatosha."